Mtambo Unaosema Bila Kueleza Haumfai Asiyeona

Hapana shaka kwamba katika muda wa zaidi ya miaka kumi iliyopita serikali ya Kenya imehama. Imeondoka kwenye dirisha la karani na kuingia kwenye skrini ya kompyuta na ya simu. Mtandao wa eCitizen, ulioanzishwa mwaka 2014, umekusanya maelfu ya huduma za umma mahali pamoja. Taarifa za kodi ya mapato hujazwa kupitia iTax. Mwalimu hupimwa utendakazi wake kwa fomu za TPAD zinazojazwa mtandaoni. Mwanafunzi anayehitimu kidato cha nne huteua kozi ya chuo kikuu kwenye tovuti ya KUCCPS, na huomba ufadhili wa masomo kwa njia iyo hiyo. Mwaka 2025, wanafunzi wa Gredi ya 9, ambao ni kundi la kwanza la mtaala mpya, waliteua mikondo yao ya masomo na shule za sekondari pevu kupitia mtandao wa Wizara ya Elimu, kila mmoja akitakiwa kutaja shule 12.

Uhamaji huu umewafaa wengi. Mkazi wa Marafa au wa Ganze, ambaye zamani alilazimika kupanda matatu hadi Kilifi mjini, na pengine hadi Mombasa, ili apige foleni mchana kutwa, leo aweza kumaliza haja yake akiwa sokoni. Hata hivyo, yuko raia mmoja ambaye dirisha la karani lilimfaa zaidi kuliko skrini. Karani alikuwa na sauti, aliulizwa akajibu. Skrini ni kioo kimya. Raia huyo ni yule asiyeona.

Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu zaidi ya Wakenya 900,000 wenye umri wa miaka 5 na zaidi walio na ulemavu, yaani asilimia 2.2, na wenye matatizo ya kuona ni sehemu kubwa ya idadi hiyo. Miongoni mwao wamo walimu, wanafunzi wa vyuo, mawakili na wafanyabiashara. Wengi wanao mtambo wa kuwasomea skrini. Tatizo ni kwamba mtambo huo, mara nyingi, husema bila kueleza. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba kizuizi kilichobaki ni maneno machache ambayo waundaji wa programu husahau kuyaandika nyuma ya picha zao, na kwamba kwa upande wa Kiswahili maneno hayo hayatapatikana mpaka walimu na wanafunzi wa lugha waitwe kazini.

Yafaa kwanza tueleze mtambo wenyewe. Programu ya kusomea skrini hugeuza yaliyoandikwa kwenye kompyuta au simu yakawa sauti. Mmarekani Ted Henter, aliyekuwa mshindani wa mbio za pikipiki kabla ya kupoteza uwezo wa kuona katika ajali ya gari mwaka 1978, alitoa programu iitwayo JAWS mwaka 1989. Siku hizo kazi ilikuwa nyepesi kwa kiasi fulani, kwa sababu skrini ya kompyuta ilikuwa mistari ya herufi tu, na mtambo ulisoma herufi hizo kutoka juu hadi chini. Mambo yalibadilika zilipokuja kompyuta za madirisha, vitufe na picha. Picha haina herufi. Mchoro wa pipa la taka, ambao mwenye macho huuelewa mara moja kuwa ni mahali pa kufutia, kwa mtambo si kitu mpaka mtu auandikie jina.

Programu hizi zimeenea tangu wakati huo. Mwaka 2006 Michael Curran wa Australia, ambaye mwenyewe haoni, alianza kuunda NVDA, inayotolewa bure kwa yeyote mwenye kompyuta ya Windows. Mwaka 2009 simu ya iPhone ilipata VoiceOver, na mwaka uo huo simu za Android zikapata TalkBack. Kwa hiyo kisingizio kwamba mtambo ni ghali hakina nguvu tena kama zamani. JAWS bado huuzwa kwa mamia ya dola, lakini mwanafunzi wa Malindi mwenye simu ya kawaida ya Android huenda tayari anao mtambo mfukoni pasipo kujua. Ni wa kuwashwa tu.

Asiyeona hatumii kipanya, kwa maana hana haja ya kuelekeza kishale asichokiona. Kwenye kompyuta hubonyeza vitufe vya baobonye ili asogee kutoka kitu kimoja hadi kingine. Kwenye simu hupitisha kidole kulia ili aende mbele, na kushoto ili arudi nyuma. Akipata anachokitaka hugusa mara mbili. Kila anaposogea, mtambo humwambia amefika wapi. Maelezo hayo mafupi yatolewayo kila hatua ndiyo macho yake. Yakiwa mazuri, hutembea kwenye programu kwa kasi inayomshangaza mwenye kuona. Yakiwa mabaya, amesimama gizani.

Maelezo mazuri yana mambo manne. La kwanza ni jina la kitu: Tuma, Futa, Malindi. La pili ni aina yake: kitufe, kiungo, orodha, kisanduku cha kutia alama. La tatu ni hali yake: kimeteuliwa au la, kiko wazi au kimefungwa, kinaruhusu kuguswa au kimezimwa. La nne ni mahali kilipo miongoni mwa wenzake: cha ngapi kati ya vingapi. Mwenye macho hupata yote manne kwa kutupa jicho mara moja, ndiyo maana hakumbuki kuwa aliyapata. Wahenga walinena kwamba mwenye macho haambiwi tazama. Ni kweli, na hapo ndipo shida inapoanzia: kwa kuwa haambiwi, naye hukosa kuwaambia wengine.

Tuchukue mfano wa hapa nyumbani. Fomu inamtaka mtu ateue kaunti yake. Kaunti ni 47, na zikipangwa kwa alfabeti, Kilifi huja ya 14, mara tu baada ya Kiambu. Mtambo ukisema "Kilifi, 14 kati ya 47", msikilizaji anajua amefika, na anajua orodha ni ndefu kiasi gani. Kisha fomu inamtaka ateue eneo bunge. Kaunti ya Kilifi ina maeneo bunge saba: Ganze, Kaloleni, Kilifi Kaskazini, Kilifi Kusini, Magarini, Malindi na Rabai. Mkazi wa Malindi akibonyeza herufi M ili afike upesi, orodha itamtua Magarini kwanza, na itambidi abonyeze tena. Majina haya mawili yanaanza kwa silabi moja na yamefuatana. Iwapo mtambo utasema "Magarini, 5 kati ya 7", kisha "Malindi, 6 kati ya 7, limeteuliwa", kazi imekwisha. Iwapo utanyamaza baada ya kubonyezwa mara ya pili, au utasema "orodha" pekee, mtu huyo atatuma fomu yake akidhani amejiandikisha Malindi, kumbe ni Magarini. Kosa kama hilo katika ombi la basari, au katika uteuzi wa shule, lina gharama ya mwaka mzima.

Makosa ya namna hii ni ya aina chache, na yanajulikana duniani kote. Kuna kosa la jina tupu, ambapo skrini ina vitufe sita vyenye picha, na mtambo unasema "kitufe, kitufe, kitufe" mpaka mwisho. Kuna kosa la kutotaja hali, ambapo mtu anagusa kisanduku cha kukubali masharti lakini haambiwi kama alama imeingia au imetoka. Kuna kosa la ukimya baada ya tendo: fomu imekataliwa, maandishi mekundu yametokea juu yakisema nambari ya kitambulisho haikukamilika, lakini mtambo haukusema lolote, na mtu anaendelea kubonyeza Tuma, Tuma, bila kujua kwa nini mlango haufunguki. Kuna pia kosa la kurudishwa mwanzo: mtu ameteua kaunti, ukurasa ukajichora upya, na yeye akajikuta juu kabisa kwenye nembo ya serikali, aanze safari upya.

Kosa la mwisho ni la maneno mengi kupita kiasi. Wako waundaji ambao, wakisha kusikia kwamba asiyeona anahitaji maelezo, humwaga maelezo kama maji ya mvua. Kila hatua mtambo unasema: uko ndani ya orodha, orodha ina vitu 47, gusa mara mbili ili uteue, pitisha kidole ili uendelee. Maneno hayo yanafaa mara ya kwanza. Mara ya arubaini yanamchosha mtu na kumfanya apoteze lile jina moja alilolitafuta.

Historia ya Malindi yenyewe inatupa kipimo. Mwezi wa Aprili mwaka 1498, Vasco da Gama alipotia nanga hapa, mtawala wa mji alimpatia rubani aliyeijua njia ya bahari kuelekea Bara Hindi, na mwezi uliofuata meli zake zilifika pwani ya Calicut. Rubani mwema hamhadithii nahodha habari za bahari yote. Humwambia kilichoko mbele, kina cha maji, na upande wa kugeuza usukani, kisha hunyamaza mpaka hali ibadilike. Programu ya kusomea skrini ni rubani wa namna hiyo. Lakini rubani hawezi kutaja mwamba usiokuwa kwenye ramani yake, na ramani hiyo huchorwa na aliyeunda tovuti. Mtambo husoma majina yaliyoandikwa; usipoyakuta, haupaswi kulaumiwa.

Hapa ndipo Kiswahili kinapoingia, nasi twaomba walimu wa lugha watusikilize kwa makini. Maelezo ya mitambo hii yaliundwa kwanza kwa Kiingereza, kisha yakafasiriwa. Kufasiri neno kwa neno kumeleta matatizo matatu ambayo Kiingereza hakina.

Tatizo la kwanza ni mpangilio wa maneno. Katika Kiswahili nomino kuu hutangulia na sifa hufuata. Twasema kitufe cha kutuma, kitufe cha kufuta, kitufe cha kurudi. Ukiyaandika hivyo nyuma ya skrini, asiyeona anayepita kwa kasi atasikia "kitufe cha, kitufe cha, kitufe cha", na neno linalotofautisha kimoja na kingine litamfikia mwisho, baada ya silabi nne zisizomfaa. Lugha ya maandishi inataka hivyo, lakini sikio la anayetafuta linataka kinyume chake. Afadhali mtambo useme "Tuma, kitufe", "Futa, kitufe", "Rudi, kitufe". Neno la kwanza limtoshe msikilizaji kuamua kama atasimama au atapita. Ni jambo dogo kwa aandikaye, lakini kwa mtu anayepita mamia ya vitu kwa siku ni saa nzima ya maisha yake.

Tatizo la pili ni upatanisho wa kisarufi. Kiingereza kina neno moja la kusema kwamba kitu kimeteuliwa, na hulitumia kwa kila kitu. Kiswahili hakikubali. Kitufe kimeteuliwa, orodha imeteuliwa, jina limeteuliwa, ukurasa umeteuliwa. Mfasiri aliyepewa neno moja ajaze pengo moja huandika "imeteuliwa", na tangu hapo mtambo husema "kisanduku, imeteuliwa", na "jina, imeteuliwa". Mwanafunzi anayekatwa alama darasani kwa kosa hilo anafundishwa kosa lilo hilo na simu yake kutwa. Kadhalika katika kuhesabu: je, Malindi ni ya 6, la 6 au cha 6 kati ya 7? Inategemea kama tunahesabu kaunti, eneo bunge au kitu.

Lugha yetu haikosi dawa. Tunayo maneno yasiyobadilika kwa ngeli yoyote, kama vile wazi, tayari, batili na lazima. Kisanduku kikiwa ni cha lazima, fomu ikiwa ni ya lazima, au jina likiwa ni la lazima, neno "lazima" lasimama peke yake bila kiambishi. Badala ya "imetiwa alama" twaweza kusema "alama ipo", na badala ya "haijatiwa alama" twaweza kusema "alama haipo", kwa kuwa hapo kitenzi chapatana na alama yenyewe, wala hakijali kilichotiwa. Katika kuhesabu, "6 kati ya 7" yatosha bila kiunganishi cha ngeli. Haya ni mapendekezo tu. Yamkini walimu wa Kilifi na Malindi wana bora zaidi, na hilo ndilo tunalolitaka: mjadala wa istilahi uletwe kwa wenye lugha.

Tatizo la tatu ni sauti yenyewe. Ukurasa ulioandikwa kwa Kiswahili hupaswa kubeba nyuma yake alama ndogo inayotangaza lugha yake. Alama hiyo ikiwa inasema Kiingereza, au isipokuwepo kabisa, mtambo huenda ukayasoma maneno ya Kiswahili kwa matamshi ya Kiingereza. Jaribu kuwaza "Ganze", "Mtwapa" au "ng'ombe" yakitamkwa hivyo. Sauti za Kiswahili zimekwisha kutengenezwa, nyingine zikiwa za bure, kama ile ya programu ya eSpeak. Aidha nambari zahitaji uangalifu. Nambari ya kitambulisho yenye tarakimu nane ikisomwa kama hesabu moja, kwa mamilioni na maelfu yake, huwa sentensi ndefu isiyoweza kukaguliwa. Isomwe tarakimu moja moja, kama mtu anavyomtajia mwenzake.

Si mara ya kwanza kwa Kiswahili kuingia kwenye kompyuta. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zilizofasiriwa kwa Kiswahili. Shuleni kwetu Kenya tumekwisha kubishana sana kama tuseme kompyuta, tarakilishi au ngamizi. Mabishano hayo yalikuwa juu ya jina la mashine. Yaliyo mbele yetu sasa ni juu ya usemi wa mashine, na yana uzito zaidi, kwa sababu wapo watu ambao usemi huo ndio njia yao pekee ya kufika.

Huenda msomaji akauliza: kwa nini asiyeona asisaidiwe na mtu mwenye macho? Wako jamaa, wako walimu, na katika kila kituo cha biashara kutoka Mtwapa hadi Mambrui kuna duka la intaneti, saiba kama watu wayaitavyo, ambapo kijana hodari atakujazia fomu kwa malipo kidogo. Ni kweli, na wengi hufanya hivyo. Lakini tazama kinachotolewa pamoja na malipo hayo. Kijana huyo hupewa nambari ya kitambulisho, nywila ya eCitizen, nambari ya simu, na pengine namba ya siri ya kutolea fedha. Huona mshahara wa mwalimu, alama za mwanafunzi, ugonjwa wa mgonjwa. Wengi wa vijana hao ni waaminifu. Hata hivyo, haki isiyopatikana ila kwa uaminifu wa mtu usiyemjua bado si haki. Mtegemea cha nduguye hufa maskini, sembuse mtegemea macho ya mpita njia.

Sheria nayo imekwisha kunena. Kifungu cha 54 cha Katiba ya mwaka 2010 champa mtu mwenye ulemavu haki ya kutendewa kwa heshima, kufikia habari kwa kiasi kinachofaa, na kupata vifaa vya kumwezesha kushinda vikwazo vya ulemavu wake. Kifungu cha 7, ambacho twakikumbuka zaidi kwa kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi, chaitaka pia Serikali ikuze lugha za kiasili, Lugha Ishara ya Kenya, Breli na teknolojia nyingine za mawasiliano zinazowafaa wenye ulemavu. Kwa hivyo, waliotunga Katiba waliuweka ukuzaji wa lugha na ufikivu katika kifungu kimoja. Mwaka 2008 Kenya iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa kuhusu Haki za Watu Wenye Ulemavu. Mwaka 2019 ilipitishwa Sheria ya Kulinda Data, inayotambua siri za raia. Mwaka 2022 Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa, KEBS, lilitoa kiwango KS 2952 kuhusu ufikivu wa bidhaa na huduma za teknolojia ya habari na mawasiliano. Mwaka 2025 ikaja Sheria mpya ya Watu Wenye Ulemavu, iliyochukua mahali pa ile ya 2003.

Hatuna upungufu wa vifungu. Tulichopungukiwa ni ukaguzi. Nje ya Kenya hali si njema sana pia. Uchunguzi wa shirika la WebAIM la Marekani, ambalo kila mwaka hupima kurasa za kwanza za tovuti milioni moja mashuhuri, ulikuta mwaka 2024 kwamba asilimia 95.9 zilikuwa na kasoro za ufikivu zinazoweza kugunduliwa na mashine, na karibu nusu zilikuwa na sehemu za kujazia zisizokuwa na jina. Hayo ni licha ya kwamba kanuni za kimataifa za ufikivu wa wavuti zilitolewa kwa mara ya kwanza mwaka 1999. Muungano wa Ulaya umechoka kusihi, na kuanzia tarehe 28 Juni 2025 sheria yake inazilazimisha benki, maduka ya mtandaoni na kampuni za usafiri kutimiza masharti hayo.

Wako watakaosema kwamba akili unde itamaliza tatizo, kwa kuwa simu za kisasa zaweza kukisia picha ni ya nini. Msaada huo upo, na ni wa kushukuriwa. Lakini makisio ni makisio. Mtu aliyesimama mbele ya vitufe viwili, kimoja cha kutuma fedha na kingine cha kufuta ombi, hataki kukisiwa. Anataka kuambiwa na yule aliyevitengeneza, ambaye anajua hakika, na ambaye kuandika neno "Tuma" kunamgharimu sekunde tatu.

Hoja ya gharama nayo haina mizizi. Kuandika jina la kitufe wakati wa kukiunda ni kazi ndogo. Kulirudia jengo zima baada ya kukamilika ndiko kunakogharimu, kama ilivyo kwa nyumba iliyojengwa bila mlango. Kwa hiyo serikali ya kaunti ya Kilifi, na idara zote zinazonunua programu, ziweke sharti katika kandarasi zao: programu isipokelewe wala isilipiwe mpaka mtu asiyeona aitumie kuanzia mwanzo hadi mwisho bila kusaidiwa. Anayeijaribu alipwe kama mtaalamu, maana ndiye. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na mwenye macho hawezi kuhisi kunguni wa kitanda hiki kwa kukitazama.

Chuo Kikuu cha Pwani kiko papa hapa Kilifi, kikiwa na hati yake tangu mwaka 2013. Wamo humo wanafunzi wa kompyuta na wamo wa Kiswahili na elimu. Ni nadra pande hizi mbili kukutana. Hapa pana kazi moja inayowahitaji wote, nayo ni kutunga orodha ya maneno ya Kiswahili ya kutaja vitu, aina zao, hali zao na makosa ya ujazaji, yaliyopimwa kwa masikio ya wasioona wenyewe, kisha kuikabidhi bure kwa wanaofasiri programu. Kazi kama hiyo ni ndogo kuliko kamusi na haihitaji jengo jipya, lakini matunda yake yangesikika kutoka Lamu hadi Goma, popote pale simu inaposema Kiswahili.

Walimu wa shule nao hawakosi la kufanya. Katika somo la kompyuta, mwanafunzi afundishwe kwamba kitufe kisicho na jina ni kosa, sawa na sentensi isiyo na kitenzi. Jaribio lake ni rahisi na halina gharama. Washa TalkBack kwenye simu, ifunike skrini kwa kitambaa, kisha jaribu kuteua Malindi katika orodha ya maeneo bunge ya Kilifi. Ukifika, na ukajua kwa hakika kwamba umefika, programu hiyo imeundwa vyema. Ukifika bila kujua, au ukajua tu baada ya kukifunua kitambaa, basi kumbuka kwamba yuko mwananchi mwenzako asiyekuwa na kitambaa cha kufunua, ambaye tarehe ya mwisho ya kutuma ombi lake ni ile ile yako.